Wu Zixu: ilikuwaje waziri aliyeuawa akawa mungu wa bamvua?

Safari_Yiwu ameuliza:

Wakuu, habari za humu. Naomba msaada kwa wanaoijua historia ya China ya kale. Suzhou wanaadhimisha sikukuu ya mashua za joka, tarehe 5 mwezi wa 5 kwa kalenda yao, kumkumbuka mtu anayeitwa Wu Zixu. Vitabu vingi vinasema sikukuu hiyo ni ya mshairi Qu Yuan. Ukishuka Hangzhou, Wu Zixu huyohuyo ana hekalu kilimani na anaitwa mungu wa maji kujaa.

Je, alikuwa mtu kweli au ni hekaya tu? Imekuwaje waziri aliyekufa kwa upanga akapewa mamlaka juu ya maji? Na kwa Watanzania na Wakenya wanaokwenda Zhejiang kufuata mali Yiwu, wakitaka kuliona lile wimbi maarufu la mto Qiantang, waende siku gani na wasimame wapi? Mwenye kujua atupe kwa undani.

---

Msomi_Mashariki amejibu:

Mkuu, ni mtu kweli. Jina lake la kuzaliwa ni Wu Yun. Zixu ni jina la heshima la utu uzima. Asili yake ni dola ya Chu, zama ambazo China haikuwa nchi moja bali madola mengi yanayopigana.

Baba yake, Wu She, alikuwa mwalimu mkuu wa Jian, mrithi wa Mfalme Ping wa Chu. Afisa mmoja, Fei Wuji, alitumwa dola ya Qin kumposea mrithi mke. Alipomwona binti ni mzuri, akamshawishi mfalme amchukue yeye mwenyewe. Kisha akaogopa: siku mrithi atakapokuwa mfalme, yeye atapona vipi? Ndipo akaanza kumchongea kwamba anapanga uasi. Wu She akatiwa kizuizini na kuamriwa awaite wanawe wawili. Mkubwa, Shang, alikwenda akijua anakwenda kufa, kwa kuwa hakutaka kuwa mtoto aliyeitwa na baba asiende. Zixu alikimbia ili abaki wa kulipa kisasi. Baba na kaka waliuawa mwaka 522 KK.

Safari yake ya kukimbilia dola ya Wu ndiyo iliyozaa hadithi nyingi. Maarufu kuliko zote ni ya lango la Zhao, ambapo inasemwa nywele zake ziligeuka nyeupe kwa usiku mmoja wa wasiwasi, na kwa sababu hiyo walinzi hawakumtambua. Hiyo ni ya simulizi za baadaye na michezo ya jukwaani, haimo kwenye kumbukumbu za mwanzo. Ya mvuvi imo kwa Sima Qian, mwanahistoria wa kale: alimvusha mto, Zixu akampa upanga wa thamani ya vipande 100 vya dhahabu, mvuvi akaukataa akisema Chu imetangaza zawadi ya shi 50,000 (kipimo chao cha kale) za nafaka na cheo kikubwa kwa atakayemkamata. Kama angekuwa mtu wa tamaa, asingehangaika na upanga.

Huko Wu, Zixu alimsaidia mwanamfalme Guang kupata kiti mwaka 515 KK, kwa kumtafutia Zhuan Zhu, aliyemuua Mfalme Liao kwa jambia lililofichwa ndani ya samaki wa karamu. Guang akawa Mfalme Helü, na Zixu akawa mshauri wake mkuu. Mwaka 514 KK ndiye aliyesimamia ujenzi wa mji mkuu mpya, na mji huo ndio Suzhou ya leo. Kumbukumbu zinautaja kuwa na milango minane ya nchi kavu na minane ya maji. Lango la Panmen bado lipo, la nchi kavu na la maji yakiwa ubavu kwa ubavu. Jengo linaloonekana sasa ni la 1351, lakini mahali ni palepale. Ndiyo maana watu wa Suzhou hawamwoni kama mungu wa mbali. Kwao ni mjenzi wa mji.

Mwaka 506 KK majeshi ya Wu yaliishinda Chu huko Boju na kuingia mji mkuu wake, Ying. Mfalme Ping alikuwa amekwisha kufa miaka kumi nyuma. Sima Qian anaandika kwamba Zixu alilifukua kaburi na kuichapa maiti viboko 300. Angalia lakini: kumbukumbu ya kale zaidi, Zuozhuan, hailitaji jambo hilo kabisa, na maandishi mengine ya kale yanasema lililochapwa ni kaburi. Anayekusimulia viboko 300 kama jambo lisilo na shaka, mwambie hivyo.

Sasa kifo chake, kwa kuwa ndicho kinachojibu swali lako la pili. Helü alikufa mwaka 496 KK kwa jeraha alilopata akipigana na dola jirani ya Yue. Mwanawe Fuchai akalipiza mwaka 494 KK, akamzingira Goujian, mfalme wa Yue, mlimani Kuaiji. Zixu alisema: mmalize sasa, maana Wu na Yue wanakaa ardhi moja na maji yaleyale, hawawezi kuishi wote wawili. Waziri mwenzake, Bo Pi, alikuwa amepokea hongo ya Yue, akashauri amani. Fuchai akamsikiliza Bo Pi, kisha akageukia vita vya kaskazini dhidi ya dola ya Qi. Zixu alirudia onyo mara kwa mara kwamba Qi ni ugonjwa wa ngozi na Yue ni ugonjwa wa moyo. Hatimaye alipotumwa Qi kwa ujumbe, alimwacha mwanawe huko kwa ukoo wa Bao. Hilo ndilo kosa lililompa Bo Pi silaha: akamwambia mfalme kwamba mzee huyu ana njama na adui.

Mwaka 484 KK Fuchai alimpelekea upanga uitwao Shulu ajiue nao. Kabla ya kufa aliagiza kaburini kwake ipandwe miti ya kutengenezea jeneza la mfalme, na macho yake yatundikwe lango la mashariki ayaone majeshi ya Yue yakiingia. Fuchai alikasirika, akaamuru maiti itiwe kwenye mfuko wa ngozi na kutupwa mtoni. Mwaka 473 KK Yue iliimaliza Wu. Fuchai alijiua akiwa amefunika uso, akisema hana uso wa kumtazama Zixu.

---

Mwana_wa_Kae amejibu:

Nikiendelea alipoishia mkuu hapo juu. Sima Qian mwenyewe, aliyeandika takriban mwaka 100 KK, anasema watu wa Wu walimhurumia wakamjengea mahali pa ibada kando ya mto, kwenye kilima kilichoitwa kwa jina lake, Xushan. Kwa hiyo ibada ilianza mapema, na ilianza kwa huruma. Woga wa mawimbi ulikuja kuungana nayo.

Fikiria aina ya kifo hicho kwa imani ya Wachina wa kale. Mtu amekufa kwa dhuluma, hakuzikwa, hana kaburi la kutambikiwa, na mwili wake umo majini. Roho kama hiyo haitulii, na dawa yake ni kuipa nyumba, chakula na cheo. Halafu weka pembeni mto ambao mara mbili kwa siku maji yake yanageuka na kupanda kinyume kwa ngurumo. Hasira ikapata mwili, na mwili ukapata mwenyewe. Simulizi za baadaye zinasema yeye hupanda gari jeupe la farasi weupe juu ya kichwa cha wimbi, nyeupe ikiwa ndiyo rangi ya msiba kwao.

Kuna nyongeza ninayoipenda zaidi ya zote. Wen Zhong, waziri wa Yue aliyeisaidia dola yake kuishinda Wu, naye alilazimishwa kujiua na mfalme wake mwenyewe baada ya ushindi. Simulizi ya Wu na Yue ikawaweka pamoja: wimbi la mbele ni Zixu, maji mazito yanayofuata nyuma ni Wen Zhong. Walikuwa maadui walipokuwa hai, na wote wawili waliuawa na mabwana waliowatumikia kwa haki.

Kuhusu tarehe 5 mwezi wa 5: Qu Yuan alikufa takriban 278 KK, miaka 200 baada ya Zixu. Na tuna ushahidi wa jiwe. Huko Shangyu, mashariki ya Hangzhou, lilisimamishwa mwaka 151 BK jiwe la kumbukumbu ya msichana Cao E. Baba yake, Cao Xu, alikuwa mganga wa mizimu. Tarehe 5 mwezi wa 5 mwaka 143 alikuwa mtoni akienda kinyume cha mawimbi kumlaki mungu Wu, akazama. Msichana wa miaka 14 alilia kandokando ya mto siku 17, kisha akajitosa. Mto huo hadi leo unaitwa Cao'e. Kwa hiyo katika karne ya 2 watu wa eneo hilo walikuwa na ibada ya mtoni siku hiyohiyo, na aliyelakiwa ni Wu Zixu. Huko Chu ya zamani, katikati ya nchi, siku ni ya Qu Yuan. Pwani ya Wu na Yue ni ya Zixu. Hakuna anayedanganya. UNESCO ilipoiorodhesha sikukuu hii mwaka 2009, iliingiza desturi za Suzhou pamoja na za maeneo ya Qu Yuan.

Usidhani pia kwamba wote waliamini bila kuuliza. Wang Chong, mwanafikra wa karne ya 1 BK, mzaliwa wa Shangyu hiyohiyo, aliiandikia imani hii hoja kali. Maiti ilitupwa mto gani hasa, maana mahekalu yako kwenye mto mkubwa huko Dantu na kwenye mto wa Qiantang pia? Qu Yuan naye alizama, mbona mto Xiang hauna mawimbi? Na kama ana kinyongo na mfalme wa Wu, kwa nini awatese watu ambao dola hiyo walishaisahau? Kisha akatoa jibu lake: maji hujaa na kupungua kwa kufuata mwezi, baharini yanatembea kwa utulivu, na yakiingia kwenye mto mwembamba wenye kina kidogo yanachemka na kuinuka. Mtu huyu aliandika hayo miaka 1,900 na zaidi iliyopita.

Mto huo mkubwa wa Dantu ni Yangtze. Zamani nao ulikuwa na wimbi maarufu, la Guangling, karibu na Yangzhou. Lilikufa wakati wa enzi ya Tang (karne ya 7 hadi ya 10), mdomo wa mto uliposogea mbali kwa mchanga na tope. Tangu hapo Qiantang ikabaki peke yake, na ibada ya mungu wa maji ikajikusanya Hangzhou.

Serikali nazo zilimtofautisha na mizimu ya kawaida. Mwaka 688 afisa Di Renjie alibomoa mahekalu 1,700 kusini ya Yangtze aliyoyaona ni ya ushirikina. Aliyaacha ya watu wanne tu: Yu Mkuu, Taibo, Ji Zha na Wu Zixu. Sababu ni kwamba alikuwa waziri mwaminifu. Hapo ndipo utaona nguvu zake mbili: mvuvi alimwomba maji yatulie, na afisa alimheshimu kwa kusema kweli mbele ya mfalme, wote mbele ya sanamu moja.

---

Nahodha77 amejibu:

Mimi nijibu la siku na mahali, na nitaeleza sababu ili mtu asikariri tu.

Mtu wa pwani yetu hahitaji kufundishwa bamvua na maji mafu. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, jua na mwezi vinavuta mstari mmoja, maji yanapanda sana na kupwa sana. Unguja na Mombasa bamvua kubwa hufikia takriban mita 4 kati ya kujaa na kupwa. Ghuba ya Hangzhou ina umbo la faneli: mdomoni upana ni karibu kilomita 100, ukifika Ganpu ni kama 20, ukifika Yanguan umebaki kama 3. Maji yote yale yanasukumwa kwenye nafasi inayozidi kubana, na huko Ganpu tofauti ya kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 9. Juu ya hapo, sakafu ya mto inapanda kwa fungu kubwa la mchanga. Kina kikipungua, sehemu ya mbele ya maji inapunguza mwendo, ya nyuma inaikuta, yanarundikana. Matokeo yake ni ukuta wa maji unaopanda mto kwa kilomita 20 hadi 30 kwa saa, na siku kubwa kimo chake hufika mita 3 hivi. Ukigonga ukingo, maji yanaruka juu zaidi ya hapo.

Siku kuu ni tarehe 18 mwezi wa 8 wa kalenda ya Kichina, ambayo wenyeji huiita siku ya kuzaliwa mungu wa maji. Kwa nini 18 na si 15? Kwa sababu bamvua hukawia siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu, kama inavyokawia kwetu. Na mwezi wa 8 kwa sababu uko karibu na siku ile usiku na mchana vinapolingana, ambapo mvuto wa jua na mwezi unaungana vizuri zaidi. Mwaka 2026 tarehe hiyo ni 28 Septemba, 2027 ni 18 Septemba, 2028 ni 6 Oktoba.

Anayefuata kalenda ya Kiislamu asichanganye. Mwezi wa Kichina huanza siku mwezi unapokutana na jua, kabla haujaandama, kwa hiyo tarehe 18 yao huangukia kama 16 au 17 yetu. Nao huongeza mwezi mzima mara 7 katika kila miaka 19, ndiyo maana mwezi wa 8 wao haukimbii misimu.

Watu wengi hukosea kwa kudhani wimbi ni la siku moja kwa mwaka. Linakuja kila siku, mara mbili, likipishana saa 12 na dakika 25 hivi, na kila siku linachelewa kwa dakika 50 kuliko jana yake. La kutazamika ni la tarehe 1 hadi 5 na 15 hadi 20 za kila mwezi wa Kichina. Ukienda tarehe 8 au 23, wakati wa maji mafu, utaona mto wa tope tu na utarudi ukisema ulidanganywa. Kwa mtu wa Yiwu asiyetaka msongamano wa siku kuu, tarehe 2 au 3 ya mwezi wa 9 wao inatosha kabisa.

Mahali ni wilaya ya Haining, na wimbi moja lina sura tatu. Daquekou, mashariki, mikono miwili ya wimbi iliyogawanywa na fungu la mchanga inakutana na kupandana. Yanguan, linakuja kama mstari mmoja ulionyooka toka ukingo hadi ukingo. Hapo ndipo penye mnara wa Zhan'ao na hekalu. Laoyancang, kilomita kama 12 juu zaidi, kuna ukuta ulioingizwa mtoni zaidi ya mita 600. Wimbi linaugonga na kurudi nyuma likiruka. Kwa mara ya kwanza chagua Yanguan. Tarehe 18 hupita hapo baada ya adhuhuri, kati ya saa sita na saa nane mchana, lakini saa kamili isome kwenye jedwali la siku hiyo linalotolewa na wenyeji. Fika saa nzima kabla. Treni ya mjini ya Hangzhou–Haining ina kituo cha Yanguan, ila mji wa kale wenyewe uko mbali kidogo nacho.

Sasa hatari, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Kila mara watu wanaokufa ni walewale: walioshuka chini ya ukingo kwenye tope wakati maji yamekupwa, na waliosimama juu ya vikingio vya mawe vilivyoingia mtoni. Mlio utausikia kabla ya kuona kitu, na unapouona mstari mweupe kwa mbali unadhani una muda. Huna. Kosa la pili ni kudhani kichwa cha wimbi kikipita mambo yamekwisha. Nyuma yake maji yanaendelea kupanda haraka kwa mkondo mkali kuliko kichwa chenyewe, na anayeshuka kupiga picha hapo ndipo anapochukuliwa. Laoyancang wimbi la kurudi huvuka hata ukuta. Kaa nyuma ya reli za chuma, na king'ora kikilia sogea nyuma.

---

Safari_Yiwu:

Shukrani sana wakuu, nimepata zaidi ya nilivyotarajia. Swali la nyongeza: nimesoma kuna mfalme aliyeyapiga maji kwa mishale ili ajenge ukuta. Ni kweli? Na kuta zenyewe zilishikaje nguvu zote hizo?

---

Fundi_Mawe amejibu:

Huyo ni Qian Liu, mtawala wa dola ya Wuyue, mwaka 910. Kuta zake za udongo zilikuwa zinabebwa kila zikianza kusimama. Masimulizi yanasema aliomba kwenye hekalu la Zixu, kisha akapanga wapiga pinde 500 wakarusha kichwani mwa wimbi hadi likageukia upande wa pili. Mishale tuiache kwa wasimulizi. Kazi ya mikono ndiyo yenye funzo, na mwaka 1983 mabaki yake yalichimbuliwa Hangzhou.

Alisuka vikapu virefu vya mianzi, akavijaza mawe, akavipanga kama mwili wa ukuta. Jiwe moja moja hubebwa na maji. Mawe yaliyofungwa kikapuni yanakuwa kitu kimoja kizito kinachojikunja kidogo bila kupasuka. Mbele ya ukuta, upande wa maji, akapigilia safu zaidi ya kumi za magogo makubwa. Magogo hayo hayakuwa ya kubeba ukuta. Kazi yake ilikuwa kulivunja nguvu wimbi kabla halijaufikia.

Watu wa baadaye hawakulielewa hilo. Shen Kuo, mwenyeji wa Hangzhou wa karne ya 11, ameandika kwamba takriban mwaka 1040 mtu mmoja alitoa wazo la kung'oa magogo yale, kwamba serikali itapata mbao nzuri kwa maelfu. Mkuu wa mji akakubali. Magogo yalipotoka majini yalikuwa yameoza yote, hayafai kwa lolote. Na ukuta, baada ya kuvuliwa kinga yake, ukawa unavunjwa na mawimbi mwaka baada ya mwaka.

Kuta unazoziona Haining ni za mtindo wa magamba ya samaki. Mfumo wake uliwekwa sawa mwaka 1542 huko Haiyan na Huang Guangsheng, na enzi ya Qing (1644–1912) ukaenezwa. Kwanza nguzo za mti zinashindiliwa kwenye tope, maana chini hakuna mwamba. Juu yake mawe ya kuchonga yenye urefu wa chi 5, upana 2 na unene 1, yaani karibu sm 160 kwa 64 kwa 32. Yanalazwa kwa kupishana, mengine kwa urefu wa ukuta na mengine kwa kuingia ndani, ili hakuna kiungo kinachonyooka toka mbele hadi nyuma. Tabaka hufika 18, na kila tabaka linarudi nyuma kidogo, hivyo uso wa ukuta unakuwa ngazi zinazolipunguza wimbi nguvu likipanda. Mawe yanashikwa na vibanio vya chuma, na viungo vinajazwa chokaa iliyokorogwa na uji wa mchele unaonata.

Ukuta kama huo hauvunjiki usoni. Unakufa kwa chini: maji yakirudi yanachimba tope mguuni mwake, nguzo zinabaki wazi, zinaoza, ukuta unainama. Ndiyo maana mbele ya mguu hulazwa sakafu ya mawe, na mkaguzi mzuri hutazama huko maji yakikupwa, hatazami juu.

---

Mwana_wa_Kae:

Mchele unaonata unanikumbusha hadithi ya Suzhou. Wanasema Zixu alipojenga mji aliwaambia wasiri wake: siku njaa ikiingia, chimbeni chi 3 chini ya lango la Xiangmen. Baada ya kifo chake mji ulizingirwa, wakachimba, wakakuta matofali yaliyofinyangwa kwa unga wa mchele wakayala. Ni hekaya, haina ushahidi wa kihistoria, lakini ndiyo wanayoitoa Suzhou kueleza asili ya keki za mchele za mwaka mpya.

Niongeze na ya mabaharia, kwa kuwa Zixu alivuka bahari pia. Taiwan anaabudiwa katika kundi la wafalme watano wa majini, pamoja na Yu Mkuu na Qu Yuan. Wawili waliobaki hutofautiana kwa hekalu. Hekalu lao la Magong, visiwani Penghu, ni la mwaka 1696. Mwaka uliofuata msafiri Yu Yonghe aliandika walichokuwa wakifanya mabaharia dhoruba ikiwashinda, mlingoti umevunjika na usukani haushiki. Watu wote chomboni walishika vijiti vya kulia na miiko, wakapiga makasia hewani kama wanaoshindana kwenye mashua za joka, huku midomo yao ikiigiza ngoma na shaba. Waliamini chombo kitafika nchi kavu kwa kuvutwa na watukufu hao. Ukitazama kwa jicho la nahodha, angalau waliacha kupiga mayowe, wakafanya kitu kimoja kwa pigo moja.

---

Nahodha77:

Hapo umenena. Na kuna jambo limesahaulika: imani haikuwazuia kuhesabu. Mwaka 1056 Lü Changming alitengeneza jedwali la saa za wimbi la Qiantang kwa kila siku ya mwezi na kwa misimu, likachongwa hadharani kwa faida ya wavushaji. Ni miongoni mwa majedwali ya kwanza ya aina hiyo duniani. Mwenye mashua alichoma ubani asubuhi, kisha akasoma saa kabla ya kufungua kamba.

Wengine walifanya kinyume. Enzi ya Song vijana mamia, nywele wazi na miili yenye chale za wino, waliogelea kulikabili wimbi wakiwa wameshika bendera kubwa, sifa ikiwa kutoloana kwa ncha ya bendera. Walizama wengi, na Cai Xiang alipokuwa mkuu wa Hangzhou mwaka 1065 alitoa amri ya kupiga marufuku. Haikushika; karne mbili baadaye bado wanaandikwa.

---

Msomi_Mashariki:

Kwa anayetaka kumwona mwenyewe baada ya wimbi: Hangzhou nenda kilima cha Wushan, hekalu la Wu Gong. Suzhou nenda Panmen, ndani ya eneo la lango kuna nyumba yake ya kumbukumbu. Yanguan nenda hekalu la mungu wa bahari, lililojengwa kwa amri ya Mfalme Yongzheng mwaka 1730. Hapo usimtafute katikati, kwani katikati ameketi mungu wa bahari ya Zhejiang. Zixu ni mmoja wa wawili walioshirikishwa naye, na mwenzake ni yuleyule Qian Liu, mpiga mishale. Wasong walimpa Zixu cheo cha mfalme, Waqing wakamwita Yingwei Gong, hivyo kibao chenye majina tofauti kisikuchanganye. Ukiingia, mwenye imani yake huwasha vijiti vitatu vya ubani, anainama mara tatu, anavisimika kwenye chungu cha nje. Mgeni asiyeabudu anasimama kando tu, asivuke kizingiti kwa kukikanyaga, na aulize kabla ya kupiga picha sanamu.